Salisbury, Rosebery au Hartington: uanze na maisha ya nani?

Anayetaka kuelewa jinsi makabaila walivyoitawala Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 hana haja ya kuwasoma wote. Mmoja akisomwa vizuri anakuja na wenzake. Kazi ni kumchagua huyo mmoja, na mara nyingi mjadala huishia kwa watatu: Robert Cecil, Marquess (cheo cha ukabaila chini ya Duke na juu ya Earl) wa tatu wa Salisbury, Archibald Primrose, Earl wa tano wa Rosebery, na Spencer Cavendish, aliyeitwa Lord Hartington kwa zaidi ya miaka 30 kabla hajarithi cheo cha Duke wa Devonshire mwaka 1891.

Kwa vyeo peke yake hakuna mashindano. Salisbury alikuwa Waziri Mkuu mara tatu kati ya 1885 na 1902, jumla yake zaidi ya miaka 13. Rosebery alikaa kuanzia Machi 1894 hadi Juni 1895, basi. Hartington hakukikalia kiti hicho hata siku moja, ingawa alipewa nafasi mara tatu na mara zote tatu akakataa. Ila ukichagua kwa vyeo utajua walichofanya na usijue waliwezaje. Mimi nawapima kwa nyumba zao: nani alimwoa nani, nani alimrithi nani, mezani palizungumzwa nini. Katika tabaka lile ukoo na serikali vilikuwa kitu kimoja kiasi kwamba ukikosa la nyumbani, la bungeni nalo halieleweki.

Msomaji mkali atasema Rosebery ni Mskoti. Kwa ukoo, kweli. Lakini alizaliwa London, akasoma shule ya Eton na chuo cha Oxford, akaoa London na akapanda vyeo huko huko. Simtoi.

Mwanzo wao

Salisbury alizaliwa Februari 1830 katika jumba la Hatfield, kaskazini mwa London. Ukoo wa Cecil ulikuwa na historia ndefu serikalini: William Cecil alikuwa mshauri mkuu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, na mwanawe Robert ndiye aliyelijenga jumba hilo, likakamilika mwaka 1611. Ukisikia hivyo unaweza kudhani mtoto alilelewa kama yai. Hasha. Mama yake alifariki akiwa na miaka tisa. Eton alipigwa na kunyanyaswa na wanafunzi wenzake mpaka baba yake akamtoa shuleni akiwa na miaka 15. Oxford afya ilimwangusha, akaondoka na shahada ya heshima tu. Mwaka 1851 madaktari wakamshauri safari ndefu ya baharini, akazunguka Rasi ya Tumaini Jema, Australia na New Zealand kwa karibu miaka miwili. Tena hakuwa mrithi. Kaka yake mkubwa ndiye aliyengojewa, na ni kifo cha kaka huyo mwaka 1865 kilichomsogeza yeye mbele. Mali yote ilimwangukia mwaka 1868, akiwa mtu mzima wa miaka 38 aliyekwisha kuijua njaa ya mwisho wa mwezi.

Rosebery ni kinyume chake. Alizaliwa 1847, baba akafariki yeye akiwa na miaka mitatu, babu akafuata mwaka 1868. Kwa hiyo kijana hajafika miaka 21 na tayari ana cheo, mashamba na kiti kinachomngoja katika Bunge la Mabwanyenye (House of Lords). Pale Oxford alinunua farasi wa mashindano aliyeitwa Ladas. Sheria za chuo zilikataza mwanafunzi kumiliki farasi wa mbio, akaambiwa achague: farasi au masomo. Alichagua farasi. Ladas alikimbia Derby, mbio kubwa za farasi za Uingereza, mwaka 1869 akamaliza wa mwisho, na bwana wake akabaki bila shahada. Kisa hiki kidogo ndicho kinachowafanya watu wampende Rosebery, na nadhani pia ndicho kinachoeleza kwa nini baadaye aliwachosha wenzake serikalini: hakuwahi kulazimika kuvumilia jambo asilolitaka.

Kwa Hartington nitakwenda haraka. Mrithi tangu utotoni, alifundishwa nyumbani na baba yake msomi, kisha akaenda Cambridge. Akaingia bungeni mwaka 1857 kwa sababu watu wa ukoo wake waliingia bungeni. Alipenda farasi, karata na usingizi. Kuna hadithi kwamba alipiga mwayo katikati ya hotuba yake mwenyewe, na nyingine kwamba aliota anahutubia Bunge la Mabwanyenye, akazinduka akakuta kweli anahutubia. Za kweli au za kutungwa, yeye mwenyewe hakujishughulisha kuzikanusha.

Wake zao, na hapa ndipo tofauti inapoonekana

Mwaka 1857 Robert Cecil alitaka kumwoa Georgina Alderson, binti wa jaji. Kwa macho ya leo binti wa jaji ni mchumba wa kujivunia. Kwa baba yake Robert ilikuwa aibu: msichana hana cheo wala fedha. Mzee akapinga, kijana akaoa. Matokeo yake mtoto wa Marquess alilazimika kuishi kwa kalamu. Aliandika makala kwa mamia katika majarida ya London, mengi bila jina lake, na jarida moja kati ya hayo lilikuwa mali ya shemeji yake. Ukali wa lugha aliokuja kuogopwa nao bungeni aliunoa huko, akihesabu makala ngapi zitalipa kodi ya nyumba na maziwa ya watoto.

Georgina hakuwa mke wa kukaa nyuma ya pazia. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti, mshika dini, na siasa alizijua pengine kuliko nusu ya mawaziri. Mume wake alikuwa mtu wa kuzama kwenye huzuni ghafla, asiyependa wageni, na mwenye macho mabovu kiasi cha kusimuliwa visa vya kushindwa kuwatambua mawaziri wake mwenyewe. Mke ndiye aliyeijaza Hatfield watu. Alipofariki Novemba 1899, wiki chache tu baada ya Vita vya Makaburu kuanza, Salisbury alivunjika. Aliendelea kuwa Waziri Mkuu hadi Julai 1902, lakini ukisoma miaka hiyo unamwona mtu anayemalizia zamu.

Rosebery alimwoa Hannah de Rothschild mwezi Machi 1878. Alikuwa binti pekee wa Baron Mayer de Rothschild, na wazazi wote wawili walikuwa wamekwisha kufariki, kwa hiyo jumba la Mentmore pamoja na utajiri wake wote vilikuwa mikononi mwake. Ilisemwa hakukuwa na mrithi wa kike tajiri kumzidi Uingereza nzima. Yeye Myahudi, mume Mkristo: mama yake Rosebery hakufurahi, na Wayahudi wengi nao hawakufurahi. Disraeli, Waziri Mkuu wa wakati ule, ndiye aliyemshika bibi harusi mkono na kumkabidhi. Hannah hakubadili dini hadi mwisho, ila watoto walilelewa Kikristo.

Watu huwahi kusema alioa pesa. Soma barua na kumbukumbu za walioiona nyumba ile, utabadili maneno. Hannah ndiye aliyeamini kwamba mume wake atafika juu, na ndiye aliyemsukuma kila alipotaka kujitoa. Alikufa Novemba 1890 kwa homa ya matumbo, figo nazo zikiwa mbovu, akiwa na miaka 39, akazikwa makaburi ya Wayahudi huko Willesden. Baada ya hapo Rosebery alikosa usingizi kwa namna ya kutisha. Akiwa Waziri Mkuu mwaka 1895 kuna vipindi hakulala karibu kabisa. Uwaziri Mkuu wake aliupata akiwa mjane mwenye watoto wanne, na mimi sioni namna ya kuutenganisha ule mwaka mmoja uliomshinda na kaburi la Willesden.

Kuna kauli maarufu kwamba akiwa kijana alijiwekea malengo matatu: kuoa mrithi tajiri, kushinda Derby na kuwa Waziri Mkuu. Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba aliyasema. Lakini yote matatu aliyapata, na Derby aliishinda akiwa Waziri Mkuu mara mbili mfululizo, 1894 na 1895, kisha mara ya tatu mwaka 1905.

Sasa Hartington. Ujanani alikuwa na uhusiano na Catherine Walters, mwanamke mrembo aliyesifika London kwa kupanda farasi, na ambaye bwana wa tabaka lile angeweza kumpenda lakini si kumwoa. Baada yake akampenda Louise, mke wa Duke wa Manchester, mzaliwa wa Ujerumani. Mapenzi hayo yalidumu kiasi cha miaka 30. Kila mtu alijua: malkia alijua, mawaziri walijua, na yaelekea mume alijua. Sharti lilikuwa moja, yasifike magazetini. Duke wa Manchester akafa 1890, na mwaka 1892 wapenzi hao wakaoana, bwana harusi akiwa na miaka 59. Louise akawa ameolewa na ma-Duke wawili, watu wakampachika jina la “Duchess mara mbili”. Mwaka 1897, Malkia Victoria alipotimiza miaka 60 kwenye kiti, ndiye aliyeandaa ile karamu kubwa ya mavazi ya kihistoria katika Devonshire House, London, ambayo picha zake bado zinazunguka hadi leo.

Kama unachotaka ni kuona unafiki wa tabaka lile ulivyofanya kazi, sura hiyo ya Hartington haina mpinzani.

Watoto, wapwa na wakwe

Hapa Salisbury anawaacha mbali. Walizaa watoto wanane, mmoja akafa mchanga. Wavulana watano: James alirithi cheo, William akawa Askofu wa Exeter, Robert akawa mwanasiasa wa kimataifa, Edward akawa mwanajeshi na mtumishi wa serikali Misri, Hugh akawa mbunge mwenye ulimi mkali. Wasichana walikuwa Maud, aliyeolewa na Earl wa Selborne, na Gwendolen, ambaye hakuolewa na ndiye aliyekuja kuandika maisha ya baba yake.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya ajabu kidogo. Watoto waliruhusiwa kubishana na baba yao mezani juu ya dini, siasa, chochote, naye akawajibu kwa uzito uleule aliompa mjumbe wa nchi za nje. Hakuwanyamazisha kwa sababu ya umri. Mwenyewe alikuwa na maabara ndani ya jumba, akichezea kemia, picha na umeme. Hatfield ilikuwa miongoni mwa nyumba za mwanzo Uingereza kuwekewa taa za umeme, enzi ambazo hakuna aliyejua vizuri nyaya zifungweje. Waya wa darini ukianza kuwaka moto, wanafamilia waliokuwa chini wakiongea waliurushia mito ya viti mpaka ukazimika, kisha wakaendelea na maongezi. Inachekesha ukiisoma ukiwa umekaa, lakini mfanyakazi mmoja wa bustani aligusa waya akafa. Uzeeni Waziri Mkuu, mtu wa futi sita na inchi nne, alizunguka bustani kwa baiskeli ya magurudumu matatu kwa ajili ya mazoezi.

Jamaa hao hawakubaki bustanini. Dada yake Salisbury, Blanche, aliolewa na Balfour akamzaa Arthur. Mjomba alimwingiza mpwa bungeni, akampa wizara, akampa Ireland, akampa uongozi wa bunge la wanaochaguliwa, na alipostaafu mwaka 1902 mpwa ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu. Katika serikali iliyopangwa upya mwaka 1900, Arthur Balfour alikuwa namba mbili, nduguye Gerald alishika wizara ya biashara, mkwe Selborne alipewa jeshi la majini, na mtoto mkubwa James alikuwa naibu katika mambo ya nje. Wapinzani waliiita serikali hiyo “Hotel Cecil”, kwa jina la hoteli kubwa iliyokuwa imefunguliwa London miaka michache kabla. Sisi tunaozoea kulalamika kuhusu watoto wa vigogo kupewa nafasi tutaisoma sehemu hiyo kwa utulivu wa mtu aliye nyumbani.

Mtoto wa kuzingatia zaidi ni Robert. Alikuwa mmoja wa walioandika mkataba wa Shirikisho la Mataifa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Shirikisho hilo ndilo lililoikabidhi Tanganyika kwa Uingereza iitawale kwa dhamana. Maana yake serikali ya baba ilitia saini mkataba wa 1890 ulioihakikishia Ujerumani nchi hiyo, na chombo alichokijenga mwana kikaithibitisha mikononi mwa Uingereza. Wenye nchi hawakuulizwa mara zote mbili.

Rosebery alikuwa na wasichana wawili na wavulana wawili. Neil, aliyependwa kupita wote, aliuawa vitani Palestina Novemba 1917, na baba yake hakuinuka tena sawasawa. Harry alirithi cheo, akacheza kriketi kwa kiwango cha juu, na akaendeleza farasi. Hartington hakuacha mtoto wa ndoa. Cheo kilikwenda kwa mtoto wa ndugu yake.

Ndugu mwingine wa Hartington, Frederick Cavendish, anastahili kutajwa. Aliteuliwa kusimamia Ireland, akafika Dublin tarehe 6 Mei 1882, na jioni hiyohiyo akauawa kwa visu katika bustani ya Phoenix akitembea na ofisa mwenzake. Mke wake Frederick alikuwa mpwa wa mke wa Gladstone, Waziri Mkuu, kwa hiyo msiba uliingia nyumba mbili kubwa za chama kimoja, cha Waliberali. Miaka minne baadaye Gladstone alipotaka kuipa Ireland bunge lake, Hartington aliondoka na kundi zima la Waliberali, na chama hakikupona kwa karibu miaka 20.

Madaraka

Hartington kukataa uwaziri mkuu mara tatu kunasikika kama unyenyekevu. Mwaka 1880 malkia alimtaka yeye, lakini Gladstone hakuwa tayari kufanya kazi chini ya mtu mwingine, na Hartington alikuwa na akili ya kulitambua hilo. Mara mbili zilizofuata, mwaka 1886 na mwanzoni mwa 1887, aliyempa nafasi ni Salisbury mwenyewe, kiongozi wa Wahafidhina na mpinzani wake wa jana. Alijua akikubali ataonekana ameuza watu wake. Ukiniuliza mimi, alikuwa mwanasiasa mwerevu kuliko alivyopenda kuonekana. Uvivu wake ulikuwa nusu tabia na nusu silaha.

Rosebery alifanya vizuri sana kama mwenyekiti wa kwanza wa Baraza la Wilaya ya London mwaka 1889, na kama Waziri wa Mambo ya Nje. Kama Waziri Mkuu aligombana na waziri wake wa fedha, Harcourt, karibu kila wiki. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya kodi mpya ya mirathi ya mwaka 1894, iliyowabana wenye mashamba makubwa. Rosebery aliiogopa, Harcourt akaipitisha. Mwanawe Harry alipofariki mwaka 1974, kodi hiyohiyo ikagonga mlango wa Mentmore. Familia ilikuwa tayari kuliachia taifa jumba na vilivyomo kwa pauni milioni 2; serikali ikakataa. Mwaka 1977 vitu vikanadiwa, na mnada ukaleta zaidi ya pauni milioni 6. Samani, michoro na vyombo alivyovikusanya baba yake Hannah vikatawanyika duniani.

Mkono wao Afrika Mashariki

Hartington hapa hana kitu. Kwa Sudan anatajwa, maana alikuwa waziri wa vita wakati Jenerali Gordon alipopelekwa Khartoum, lakini kwetu hakufika.

Rosebery ana Uganda. Mwaka 1892 kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikiishikilia Buganda ilikuwa imeishiwa fedha na kutangaza kuondoka. Gladstone, Waziri Mkuu, alitaka iondoke. Harcourt pia. Rosebery, Waziri wa Mambo ya Nje, akashikilia kwamba hapana, akapata muda wa nyongeza, kisha akamtuma Gerald Portal kutoka Zanzibar akachunguze. Portal aliishusha bendera ya kampuni na kupandisha ya Uingereza tarehe 1 Aprili 1893. Mwaka uliofuata Rosebery akiwa Waziri Mkuu, Uganda ikatangazwa kuwa himaya. Mtu mmoja, dhidi ya bosi wake na nusu ya baraza la mawaziri. Kama unasoma ukiwa Kampala, hiyo peke yake inaweza kutosha kumpandisha juu ya orodha yako.

Lakini Salisbury ana karibu yote yaliyobaki. Mwaka 1886, serikali yake ikiwa madarakani, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kumwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa maili kumi tu pwani ya bara, na kuchora mstari kutoka mto Umba hadi Ziwa Victoria ukiizunguka Kilimanjaro. Tarehe 1 Julai 1890 ukaja mkataba wa Heligoland na Zanzibar. Ujerumani ilipata kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, ikaiachia Uingereza Witu, karibu na Lamu, ikaitambua himaya ya Uingereza juu ya Unguja na Pemba, na ikabaki na bara. Sultani akalipwa marki milioni 4 kwa pwani yake ya upande wa Wajerumani. Malkia Victoria aliusumbukia mkataba huo: watu kama 2,000 wa Heligoland walikuwa waaminifu kwake, wameulizwa? Swali zuri. Kwa Unguja na Pemba hakuliuliza.

Salisbury mwenyewe hakujidanganya. Mwaka huohuo alikiri hadharani, kwa kejeli yake ya kawaida, kwamba mataifa ya Ulaya yalikuwa yakigawiana milima, mito na maziwa bila kujua hasa viko wapi. Unaweza kumchukia kwa hilo, na unaweza pia kuona kwamba angalau alijua anachokifanya. Sijaamua lipi ni baya zaidi.

Kisha Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25, Khalid bin Barghash akaingia jumba la kifalme bila ridhaa ya Waingereza. Salisbury alikuwa Waziri Mkuu na Waziri wa Mambo ya Nje kwa pamoja. Simu ya maandishi (telegramu) iliyotoka London iliwaruhusu walioko Unguja kuchukua hatua yoyote waliyoona inafaa, ila wasianze jambo wasilo na hakika ya kulimaliza. Asubuhi ya tarehe 27, baada ya saa tatu kidogo, manowari zikafungua moto. Dakika 40 hivi zilitosha. Beit al-Hukm, moja ya majumba ya kifalme, iliharibiwa kabisa, wafuasi wa Khalid wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa, naye akakimbilia kwa balozi wa Ujerumani na baadaye Dar es Salaam. Chini ya serikali ya Salisbury pia ndipo ilipotoka amri ya 1897 ya kuondoa utumwa kisheria Unguja na Pemba, na ndipo reli ya Mombasa ilipojengwa hadi Ziwa Victoria, kuanzia 1896 hadi 1901. Mji uliopewa jina lake kusini mwa Afrika leo ni Harare.

Basi uchague nani

Kwa msomaji wa Kiswahili mwenye muda wa kumsoma mmoja tu, jibu langu ni Salisbury, na si kwa ajili ya Zanzibar pekee. Ni kwa sababu ukimfuata unapata mapenzi yaliyopingwa, kijana masikini mwenye jina kubwa, meza yenye watoto wabishi, mpwa anayerithi nchi, na mwana anayejaribu kujenga amani ya dunia juu ya ramani aliyosaidia baba yake kuichora. Kasoro yake ni uzito. Miaka yake ya diplomasia inachosha, na kurasa za Bulgaria na Uturuki ruksa kuziruka.

Kama unasoma kwa ajili ya hadithi zaidi ya historia, au hujazoea vitabu vya wasifu, chukua Rosebery. Maisha yake yana umbo la riwaya bila mtu kuyatunga, hadi kufa kwake Mei 1929. Ila jiandae: baada ya 1895 alikaa miaka zaidi ya 30 akiwa mtu aliyewahi kuwa kitu, akiandika vitabu vizuri na kukataa kurudi. Hartington mpe nafasi ya tatu, au usome sura zake za ndoa na za Ireland tu, ukiwa umeshawajua hao wawili.

Walioko Uingereza wana njia nyingine. Hatfield House iko mkabala na kituo cha treni cha Hatfield, safari fupi kutoka King's Cross, na hufunguliwa kwa wageni kwa msimu. Hakikisha tarehe kabla ya kwenda, maana familia bado inaishi hapo. Chatsworth ya akina Cavendish, huko Derbyshire, ni kubwa na ya kupendeza zaidi, lakini haina kituo cha treni mlangoni, na siku nzima itakwisha. Mentmore imefungwa. Vitu vya Rosebery vilivyosalia viko Dalmeny karibu na Edinburgh, panapofunguliwa kwa muda mfupi kiangazi. Aliyeko London akitaka kuonja ladha ya nyumba za kina Rothschild aende jumba la Waddesdon, si mbali na Mentmore.

Kwa walioko huku, juzuu nne za Gwendolen kuhusu baba yake ndizo chanzo bora cha mambo ya nyumbani, na mbili za mwanzo, zilizotoka 1921, zinasomeka bure mtandaoni. Kumbuka tu kwamba hakumaliza kazi: simulizi inakatika mwaka 1892. Mkataba wa 1890 utaupata kwenye juzuu ya nne. Mizinga ya 1896 hutaipata kwake. Kwa hiyo tafuta wasifu wa karibuni, au kama uko Unguja, panda hadi Nyaraka za Taifa pale Kilimani, kwenye karatasi za ubalozi wa Kiingereza.